MUTOTO ANAYEJUA SHERIA SI MUASI



Wengi wenu wameniuliza kisha ibada: sababu gani siku ya posho, wakati fanfari inapomaliza mazoezi, vijana wanabaki wakisoma sheria ya inchi? Muzee mumoja aliniambia waziwazi: "Shemasi, unafundisha watoto wetu kubishana na wakubwa." Sikumujibu siku ile, kwa maana ni muzee ninayemuheshimu. Ninajibu leo katika gazeti letu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

1. Siku tano

Miaka michache iliyopita, kijana mumoja wa fanfari, mwenye miaka 19, fundi wa kutengeneza telefone, alishikwa siku ya posho jioni. Hakuiba, hakupiga mutu. Yaya yake alikuwa amekopa pikipiki, akashindwa kulipa, akakimbilia muji mwingine. Mwenye pikipiki akaenda kushitaki. Waliotumwa kumutafuta yaya hawakumukuta, wakamubeba mudogo. Wakasema: "Huyu atakaa hapa mpaka yule mwingine afike."

Mama yake alikuja kwangu usiku, analia. Akaniuliza: "Papa shemasi, tufanye nini?" Nikamwambia mambo mawili. La kwanza: tuombe. La pili: tutafute feza, na tusiulize maulizo mengi, kwa maana Mukristo anatii wakubwa. Neno la kwanza lilikuwa jema. Neno la pili lilikuwa ujinga, nami niliuvika ujinga ule nguo ya unyenyekevu.

Kijana alilala katika kasho siku tano. Katika siku zile zote, hakuna mutu kati yetu, mimi wala muchungaji wala wajomba zake, aliyeuliza: Anashitakiwa kosa gani? Nani ameandika saa aliyoingia? Tulipeleka chakula mulangoni, na tulilipa ili chakula kile kipite. Mwisho tukachanga feza, akatoka. Miguu yake ilikuwa imevimba, kwa sababu mule ndani hakukuwa nafasi ya kujinyoosha. Hakusema asante. Aliniuliza: "Papa shemasi, mimi nilikosa nini?" Nikamujibu: "Umwachie Mungu." Akanitazama, akasema: "Hata Mungu alimuuliza Adamu kwanza."

Sikulala vizuri usiku ule.

2. Barua isiyofika

Mimi nilimaliza masomo ya sekondari. Darasani tulifundishwa mambo ya raia: bendera, wimbo wa taifa, kazi za mwanainchi mwema. Lakini sikumbuki siku hata moja mwalimu alipotuambia mutu aliyeshikwa anaweza kuuliza neno gani.

Kisha mambo ya kijana yule, mwana mumoja wa parokia anayesoma sheria kwenye chuo kikuu aliniletea Katiba ya inchi yetu, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Tukakaa mezani kwangu. Akanionyesha kifungu cha 17. Pale tunaelezwa kwamba uhuru wa mutu ndio kanuni, na kumufunga ni jambo la nje ya kanuni. Tunaelezwa kwamba kosa ni la yule aliyelifanya, na hakuna mutu anayeweza kushikwa kwa ajili ya tendo la mutu mwingine. Tena, anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itakapotolewa.

Akageuza ukurasa, kifungu cha 18. Anayeshikwa sharti aelezwe mara moja sababu ya kushikwa, katika luga anayoisikia. Ana haki ya kuongea mara moja na jamaa yake ao na mutetezi wake. Polisi hawawezi kumuweka kwao kupita saa 48. Saa zile zikimalizika, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wakubwa wa sheria wenye uwezo wa kuangalia neno lake.

Saa 48! Sisi tulimaliza siku tano, na hatukujua kwamba kulikuwa kitu cha kuhesabu. Na deni la pikipiki? Anayedai anaweza kwenda kwenye tribinali na kudai mali ya yule aliyekopa. Deni halilipwi na mwili wa mudogo wake.

Nilimuuliza mwana yule: "Basi sababu gani sisi hatujui?" Akanionyesha vifungu viwili vingine, nami ninawaomba muvitazame pamoja. Kifungu cha 62 kinasema kwamba hakuna mutu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Ni kusema, hauwezi kusimama mbele ya muamuzi na kujitetea kwamba haukujua. Lakini kifungu cha 142 kinaipa serikali kazi ya kueneza kila sheria kwa Kifransa na katika kila moja ya luga nne za taifa, ni kusema Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, mbele ya siku 60 kumalizika tangu sheria ile kutangazwa. Na kifungu cha 45 kinaagiza wakubwa wa inchi wafundishe watu Katiba na haki za binadamu.

Sasa mujiulize: ni nani kati yenu aliyekwisha kupokea katika kartye yake sheria mupya iliyoandikwa kwa Kiswahili? Mama anayeuza mihogo sokoni, aliisoma wapi? Tunahukumiwa kwa barua isiyofika nyumbani kwetu. Ninajua kwamba wanaopaswa kuileta wana kosa. Lakini mutu mwenye akili, akisikia kuna barua yake posta, hangojei mpaka afe. Anaenda kuitafuta. Hii ndiyo kazi tunayoifanya siku ya posho.

3. Je, Mukristo anaweza kudai haki yake?

Hapa ndipo ulizo lenyewe linapokaa. Ndugu wengine wananiambia: Bwana alinyamaza mbele ya Pilato, na alitufundisha kugeuza shavu la pili. Ni kweli. Lakini musome tena Injili ya Yoane, sura ya 18. Katika nyumba ya kuhani mukubwa, mutumishi mumoja alimupiga Yesu kofi. Bwana hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza. Alimuuliza mutu yule: kama alisema vibaya, amuonyeshe kosa lake, na kama alisema vizuri, sababu ya kumupiga ni nini? Ndugu zangu, niliposoma pale nilikumbuka macho ya kijana wetu. Ulizo lake lilikuwa lile lile.

Mutazame Paulo pia. Kule Filipi (Matendo 16) alipigwa fimbo na kufungwa bila hukumu, yeye na Sila. Usiku ule waliimba na kuomba. Kulipokucha, wakubwa wakatuma watu kusema waende zao kimya. Paulo akakataa. Alikuwa raia wa Roma, na sheria haikuruhusu kumupiga raia bila hukumu. Akataka wakubwa wenyewe waje kuwatoa. Angalieni jambo hili vizuri: fimbo zilikuwa zimekwisha kupigwa, Paulo hakupata faida ya mwili kwa kudai. Sababu gani basi alidai? Mimi ninaelewa hivi: katika muji ule alikuwa anaacha Lidia, mulinzi wa gereza na jamaa yake, na kanisa changa. Kama angetoka kwa siri, kesho yake fimbo zile zingepigwa migongo yao. Paulo aliimba kwa ajili ya nafsi yake, na alidai kwa ajili ya wenzake.

Kuna neno lingine katika Matendo 23 ambalo linanigusa zaidi. Mbele ya baraza, kuhani mukubwa aliagiza Paulo apigwe mudomoni. Paulo akamukaripia kwa ukali kwamba anavunja sheria anayohukumu nayo. Lakini alipoambiwa kwamba yule ni kuhani mukubwa, akarudi nyuma, akakubali kwamba sheria ile ile inamukataza yeye kumutukana mukubwa wa watu. Katika dakika moja, Paulo aliitumia sheria juu ya mukubwa, kisha akaitumia juu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo alama ya mutu aliyefundishwa sheria vizuri. Anayeitumia upande mumoja tu, yule amejifunza ubishi.

Na sisi wana wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika, tusisahau tulipotoka. Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, muji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, tribinali ya kijeshi ilimuhukumu Simon Kimbangu kifo. Hakuwa na avoka wa kumutetea, na hakupewa njia ya kukata rufani. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na pale alikufa mufungwa tarehe 12 Oktoba 1951. Aliianza kazi yake mwezi wa nne 1921, haikufika miezi sita. Kifungo kilikuwa miaka 30. Wakati ule sheria ilikuwa fimbo katika mukono wa upande mumoja. Leo kifungu cha 19 cha Katiba kinasema kwamba kila mutu anaweza kujitetea mwenyewe ao kutetewa na yule aliyemuchagua. Neno ambalo wazee wetu walilikosa, sisi tuko nalo katika kitabu, na kitabu kiko kabatini.

4. Sheria isiyofuatwa

Vijana wenyewe wananiletea ulizo gumu kupita yale ya wazee: "Papa shemasi, kuna faida gani kujua sheria mahali ambapo haifuatwi?" Sitaki kuwadanganya. Tumekwisha kujaribu mara mbili.

Mara ya kwanza, binti mumoja muuza mikate alishikwa kwa neno la ugomvi wa sokoni. Mama yake alikwenda na vijana wetu wawili. Walisalimu, wakaketi, wakauliza kwa heshima: anashitakiwa kosa gani, na aliingia saa gani? Mukubwa aliyekuwa pale aliomba kijitabu chao, akakisoma muda murefu. Jioni ile binti akatoka, hawakulipa hata franka moja. Mara ya pili, askari alikasirika, akatupa kartasi yetu chini, na kijana tuliyekuja kumuulizia akalala siku tatu mpaka neno lake likafika parke. Kwa hiyo sisemi kwamba sheria ni dawa inayoponya kila siku. Ninasema kwamba sheria isiyofuatwa inafanana na njia iliyoota majani. Haikufa, inangoja miguu. Kama hakuna mutu anayepita, kesho hata alama yake haitaonekana.

Haya ndiyo tunayowafundisha, ili muzazi yeyote asizani kuna siri. Tunawaambia wasikimbie, wasitukane, wasimuguse askari, kwa maana naye ni mutoto wa mutu, na mara nyingi hakuna aliyemufundisha. Tunawafundisha kuuliza: Kosa langu ni nini? Nani anashitaki? Ninaweza kuita nani wa jamaa? Tunawafundisha kuandika siku, saa na mahali, na jamaa kufika wawili kwa upole, si kumi kwa makelele. Tena tunawaambia wasitie sahihi kartasi wasiyoisoma ao wasiyosomewa.

Siku ile ile tunawafundisha pia kazi zao. Katiba inamutaka raia alipe kodi na amuheshimu mwenzake bila ubaguzi. Sheria ya jamaa inasema ndoa ni kwa mutu aliyetimiza miaka 18. Basi binti wa miaka 16 si muke wa mutu, hata kama mahari imekwisha kuliwa. Kijana anayejua haki yake mbele ya polisi na kusahau haki ya binti katika njia ya giza, yule hakujifunza kitu.

5. Wakati somo linaporudi nyumbani

Sasa nitasema jambo ambalo lilikuwa gumu kwangu kuandika.

Katika chumba kimoja cha maombi, mama mumoja alisema ameona katika ndoto kwamba mutoto wa miaka 9 ndiye anayeifunga jamaa ya baba yake. Mama wa kambo akataka mutoto atoke nyumbani siku ile ile. Tuliitwa wazee na mashemasi. Wengine walikuwa tayari kumufungia mutoto pale, afunge chakula siku tatu mpaka akiri. Nilikuwa pale. Nilikuwa na mashaka, lakini nilinyamaza, kwa sababu sikutaka kuonekana mutu asiyeamini maono.

Kijana mumoja wa siku ya posho akasimama mulangoni. Akasema kwa sauti ya kutetemeka: "Wazee wangu, munisamehe. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumushitaki mutoto uchawi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inasema anayefanya vile anaweza kufungwa mwaka moja mpaka mitatu, na kulipa amande."

Mulikuwa kimya. Halafu hasira. Nami pia nilikasirika, ninakiri mbele yenu. Niliwaza: nimekufundisha maneno haya kwa ajili ya polisi, si kwa ajili yetu! Na nilipoyasikia mawazo yangu mwenyewe, nikaona haya. Nilitaka mukubwa wa polisi aulizwe, shemasi asiulizwe. Nilitaka sheria imulinde kijana wetu kwa watu wengine, lakini isimulinde mutoto mudogo mbele yetu.

Sisemi kwamba Mungu haongei na watu wake katika ndoto. Kanisa letu halikuzaliwa katika vitabu. Lakini Maandiko yanatuagiza kupima kila jambo, na Torati haikubali mutu ahukumiwe kwa ushuhuda wa mutu mumoja (Kumbukumbu 19). Kama ushuhuda wa macho ya mutu mumoja hautoshi, ndoto ya mutu mumoja itatosha namna gani? Mungu, ambaye anajua yote, alimuuliza Adamu, akamuuliza Kaini. Sisi tusiojua tulitaka kumuhukumu mutoto bila kumuuliza kitu, isipokuwa akiri.

Nilisimama kando ya kijana yule. Mutoto alilala kwangu majuma mawili, halafu shangazi yake akamuchukua, na yuko kwake mpaka leo, anasoma. Baba yake bado hanisalimu. Wazee wawili hawakai tena kwenye benchi langu. Ninawaandikia haya ili mujue kwamba kufundisha haki kuna bei, na bei ile haianzii kwa wakubwa wa serikali. Inaanzia kwetu.

6. Neno la mwisho

Kwa muzee wangu aliyesema ninafundisha watoto kubishana, jibu langu ni hili. Haki yangu ni kazi ya mwenzangu, na haki ya mwenzangu ni kazi yangu. Hauwezi kumupa mutoto upande mumoja na kumuficha mwingine. Kweli, mutoto aliyejua sheria atatuuliza maulizo. Atauliza askari, atauliza mwalimu, siku moja atauliza baba yake na shemasi wake. Lakini kuuliza si kuasi. Anayeasi hataki kujibiwa. Anayeuliza anatuheshimu bado, kwa maana anaamini kwamba tunaweza kujibu kwa haki.

Kijana wa pikipiki aliacha fanfari miezi mingi. Sikumulaumu. Siku moja ya posho alikuja, akaketi nyuma, akasikiliza. Leo ni yeye anayeweka kaye yetu, ile ambamo tunaandika jina la kila mutu wa parokia aliyeshikwa, siku na saa aliyoingia, ili mutu asilale tena siku tano bila mwenye kuhesabu. Ukurasa wa kwanza aliuacha mweupe. Nilimuuliza sababu. Akasema: "Ni wangu, Papa shemasi. Sikujua saa niliyoingia."

Wazazi, mulete watoto wenu siku ya posho, wakuje na kaye na kalamu. Nanyi mukuje mukae nao, kwa maana sisi pia hatukusoma. Amani ya Bwana ikae katika nyumba zenu.

Ndugu yenu katika kazi, shemasi.